Kabla hujatuma "ada ya Freemason": madaraja yao, siri zao na maswali ya kumuuliza anayekuita

Nilisomesha historia skuli za Pemba mpaka nikastaafu, na sasa nna kibanda cha wakala Mwanakwerekwe, hapa Unguja, naweka na kutoa pesa. Somo langu la zamani limenifaa sana dukani. Huja kijana, mara nyingi wa kiume, siku nyengine msichana, akanipa noti alizozikunja na namba ya simu aliyoiandika kwenye kipande cha daftari. Nikiingiza namba linatoka jina la mtu binafsi, si la taasisi yoyote. Namuuliza pesa ya nini. Anatazama pembeni, kisha anasema ni ada ya fomu. Fomu ya Freemason.

Nayaandika haya kwa mawakala wenzangu, kwa wazee wenye vijana nyumbani, na kwa kijana mwenyewe ambaye ujumbe umeshamfikia kwenye simu au ameusoma kwenye nguzo ya umeme: jiunge upate utajiri, nyumba na gari, bila kafara. Simshawishi mtu aingie, na simtishi mtu kwa hadithi za damu. Nataka ujue kwamba madaraja ya Freemason yamo vitabuni, yamechapishwa tangu 1730, na anayeyajua hadanganyiki kirahisi. Tapeli anakula kwa sababu wewe hujui kilichomo nyuma ya mlango.

Anza na madaraja matatu

Freemason wanajihesabu kuanzia tarehe 24 Juni 1717, siku loji nne za London (loji ni kikundi chao cha kukutania) zilipokutana katika nyumba ya pombe iliyoitwa Goose and Gridiron, karibu na kanisa la St Paul's, zikaunda Loji Kuu ya kwanza, yaani chombo cha kuzisimamia. Kabla ya hapo walikuwepo waashi wa kweli, wachonga mawe wa Uingereza na Scotland wenye vyama vya ufundi wao, na taratibu waungwana wasiojua kushika mwiko wakaanza kupokewa humo. Elias Ashmole, msomi wa Kiingereza, aliandika katika shajara yake kwamba alipokewa mjini Warrington mwezi wa Oktoba 1646. Ndiyo maana lugha yao yote ni ya ujenzi: bikari, timazi, nyundo, patasi, aproni.

Madaraja ya msingi ni matatu, na yashike kwa mpangilio wake, kwa sababu baadaye utayatumia kama mtihani.

La kwanza ni la Mwanagenzi. Anayeingia hufungwa kitambaa machoni, huvishwa kitanzi cha kamba shingoni, mguu mmoja wa suruali hukunjwa na upande mmoja wa kifua huachwa wazi. Kabla ya hapo huvuliwa kila kitu cha madini pamoja na pesa zake: saa, pete, sarafu. Baadaye, akiwa ndani, huombwa atoe sadaka, naye hana hata senti. Huambiwa aikumbuke hali hiyo siku atakapokutana na mwenye shida. Hapa huwaambia vijana wasikilize vizuri. Tapeli anawaambia kwamba mlango wa Freemason hufunguliwa kwa pesa na kwamba ndani yake kuna pesa. Katika sherehe yenyewe mtu huingia mikono mitupu, na huko kutokuwa na kitu ndiko wanakomfundisha. Akimaliza huvikwa aproni nyeupe ya ngozi ya mwanakondoo na hufundishwa zana tatu: rula ya inchi 24, inayogawa saa za siku baina ya ibada, kazi na kumsaidia mwenzio; nyundo; na patasi.

La pili ni la Fundi Mwenza. Zana zake ni skwea, pimamaji na timazi, na mazungumzo yake ni kuhusu elimu na nguzo mbili, Boaz na Jachin, zilizosimama mbele ya hekalu la Nabii Suleiman. Ni daraja la utulivu, na ndiyo maana hulisikii likitajwa mabarazani.

La tatu ni la Fundi Mkuu, na hili ndilo limezaa maneno mengi. Kisa chake ni cha Hiram Abiff, msimamizi wa ujenzi wa hekalu, aliyevamiwa na mafundi watatu waliotaka siri ya ufundi kabla ya wakati wao. Akakataa kuitoa, wakamuua. Ni kisa cha kwao wenyewe. Usiende kukitafuta katika Qurani. Anayepandishwa daraja huwekwa mahali pa Hiram: hulazwa chini kama maiti, kisha huinuliwa. Ukisikia mtu anasema "wanalala kwenye jeneza," mzizi wake ni huu. Ni maigizo juu ya kifo na kutunza ahadi. Hakuna anayekufa, na hakuna mama wala mtoto anayetolewa.

Baina ya daraja moja na jengine, loji zilizo chini ya Loji Kuu ya Uingereza haziruhusu pungufu ya wiki nne, na kwa kawaida huchukua muda zaidi, maana loji hukutana mara chache kwa mwaka. Anayekuahidi madaraja yote wiki hii ameshajitaja mwenyewe.

Usichanganye daraja na cheo, wala usibabaishwe na 33

Hapa ndipo watu wengi hupotea, hata waliosoma.

Daraja ni hatua ya mafunzo. Ukishapewa umepewa, na Fundi Mkuu wa Dar es Salaam ni sawa na Fundi Mkuu wa London. Cheo ni kazi ndani ya loji. Kuna Mkuu wa Loji, ambaye kwa desturi huongoza mwaka mmoja kisha akampisha mwengine. Kuna wasimamizi wawili wanaomsaidia, katibu, mtunza hazina, na msimamizi wa misaada anayefuatilia wagonjwa na wajane wa wanachama. Nje ya mlango husimama mlinzi mwenye upanga, asiingie asiyehusika. Mkuu wa Loji akimaliza mwaka wake hurudi kukaa na wenzake, ingawa hubaki na heshima ya aliyewahi kuongoza. Juu ya loji kuna uongozi wa wilaya, na juu ya wilaya kuna Loji Kuu.

Tanzania tumewahi kuwa na mtu aliyeshika cheo hicho cha wilaya bila kujificha: mfanyabiashara Sir Andy Chande, aliyefariki 2017. Aliiongoza wilaya ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi, akaandika kumbukumbu za maisha yake kwa jina lake, na akawajibu waandishi wa habari waliomuuliza juu ya uanachama wake. Kijana akiniambia kwamba "wakubwa wao hawajulikani," humtajia huyu.

Sasa 33. Matapeli wanaipenda namba hii kwa sababu inasikika kama kilele cha mlima. Yapo madaraja ya ziada, na yamepangwa katika mifumo mbalimbali nje ya loji ya kawaida. Uliopata umaarufu ni mfumo unaoitwa wa Kiskoti, ambao Baraza lake Kuu la kwanza liliundwa Charleston, jimbo la South Carolina, tarehe 31 Mei 1801. Mfumo huo unaendelea na hesabu pale loji ilipoishia: daraja la 4 mpaka la 32. La 33 ni la heshima na utumishi, na hulipati kwa kuomba. Baraza lenyewe humwita wanayemwona amestahili. Rais Harry Truman wa Marekani alipewa mwaka 1945. Nchini Marekani madaraja ya katikati mara nyingi huonyeshwa jukwaani kama tamthilia, na watu wengi kwa pamoja huyapokea wakiwa wamekaa vitini.

Mwenye 33 akiingia loji ya kawaida hana amri juu ya Mkuu wa Loji hiyo. Anaketi kama Fundi Mkuu yeyote. Loji za Uingereza zilipoungana tarehe 27 Disemba 1813 zilikubaliana kwa maandishi kwamba madaraja ya asili ni matatu tu, pamoja na kijalizo kinachoitwa Royal Arch. Kwa hiyo anayekuambia "mimi ni 33, nakuingiza moja kwa moja ngazi ya juu" anataja kitu ambacho hata mwenye 33 halisi hana mamlaka ya kukifanya.

Maswali ya kuuliza

Ukiwa wakala, usiiweke pesa mpaka mmemaliza kuzungumza. Pesa ikishaingia kwenye laini ya mtu, wewe huna tena mkono wa kuirudisha. Mimi humwambia kijana: kaa hapa kwenye benchi, mpigie huyo mtu wako, weka sauti ya nje, tumuulize pamoja. Huwa sipandishi sauti, na sijitambulishi kama mwalimu.

Swali la kwanza ni jina la loji yake na namba yake. Kila loji halali ina vyote viwili, vimeandikwa katika orodha ya Loji Kuu yake. Tapeli hujibu "loji kuu ya dunia" au "tawi la Afrika." Muulize tena, taratibu. Baada ya hapo muulize nani atampendekeza huyu kijana na nani atamuunga mkono. Katika utaratibu halisi lazima wawepo wanachama wawili wanaomjua mwombaji kwa jina na tabia, kisha kamati ikae naye imhoji, kisha wanachama wapige kura ya siri kwa gololi nyeupe na nyeusi. Gololi nyeusi tatu zinamkataa, na loji inaweza kujiwekea idadi ndogo zaidi. Hapo ndipo unapomuuliza: kama kura haijapigwa, umemhakikishiaje kwamba ameshakubaliwa? Wengi hukata simu hapa.

Swali la umri linafaa sana kwa vijana wa skuli. Loji za Kiingereza kwa kawaida hupokea mwenye miaka 21, na 18 kwa ruhusa maalumu. Niliwahi kumwona mtoto wa kidato cha tatu, sare bado mwilini, akitaka kutuma shilingi 50,000 alizopewa na mjomba wake za madaftari na viatu. Tapeli alikuwa ameshamwita "ndugu mteule."

Kwa wasichana kuna swali jepesi zaidi. Loji zilizo chini ya Loji Kuu ya Uingereza, pamoja na wilaya yake ya Afrika Mashariki, hupokea wanaume tu. Wanawake wana vyama vyao pembeni: nchini Ufaransa kulianzishwa chama cha wanaume na wanawake pamoja mwaka 1893, na Uingereza kikaanzishwa mwaka 1908 chama ambacho leo ni cha wanawake peke yao. Anayemwambia binti wa Kikwajuni kwamba amekubaliwa katika loji ya Dar es Salaam pamoja na kaka yake anasema uongo kwa wote wawili.

Lakini swali ninalolithamini kuliko yote ni hili: nikijiunga nitapata nini? Mwache aeleze. Atataja gari, nyumba, duka, nyota kung'aa. Mwombaji halisi, kabla hajaingia, hutakiwa atamke mbele ya wanachama kwamba hakusukumwa na tamaa ya mali wala manufaa mengine yasiyofaa. Anayeingia kutafuta utajiri anaapa uongo mlangoni, na loji ikijua nia yake humkataa. Mwenye kukuita kwa utajiri anakuita mahali pasipokuwepo.

Na pesa? Ada zipo kama katika chama chochote, na hazifichwi. Mwanachama hulipa kwa mtunza hazina baada ya kukubaliwa, tena kila mwaka. Hakuna ada ya fomu, kisha ada ya usajili, kisha ya pete, kisha ya "kufungua njia," kila moja kwa laini tofauti. Ukiona ada ya pili inakuja kabla hujakutana uso kwa uso na mtu yeyote, hapo pamekwisha.

Namna ya kupima tetesi

Tuhuma za usiri si za kubuni zote, na mwalimu anayewaambia vijana kwamba zote ni upuuzi hawatendei haki. Mimi huzitenga kwa kuuliza: ni siri gani hasa, na nani ameithibitisha?

Wanachokiweka siri rasmi ni alama za mkono, namna ya kushikana mikono na maneno ya kutambulishana katika kila daraja. Hata hayo yalitoka zamani. Mwaka 1730 Samuel Prichard alichapisha London kijitabu kinachoeleza madaraja yote matatu kwa maswali na majibu, na kikanunuliwa mno. Viapo vyao vya zamani vilitaja adhabu za kutisha, kukatwa koo na mfano wa hayo, na hilo peke yake lilitosha kumshtua mtu yeyote. Loji Kuu ya Uingereza iliziondoa adhabu hizo katika viapo mwaka 1986. Nchini humo humo, sheria ya 1799 iliyopiga marufuku vyama vya siri ilizilazimisha loji kupeleka majina ya wanachama serikalini kila mwaka, na sharti hilo lilidumu mpaka 1967.

Yapo mambo mabaya yaliyotokea kweli. Mwaka 1826, mji wa Batavia, jimbo la New York, mtu mmoja aliyeitwa William Morgan, mwenyewe mwashi wa mawe, alitangaza kwamba atachapisha siri za madaraja. Alikamatwa kwa deni dogo, akatolewa, akapakiwa kwenye gari la farasi, akapelekwa ngome ya Niagara, na hakuonekana tena. Freemason waliohukumiwa kwa kumteka walipata vifungo vyepesi, wananchi wakaghadhibika, kikazaliwa chama cha siasa cha kuwapinga Freemason ambacho mwaka 1832 kilishinda jimbo la Vermont katika uchaguzi wa rais. Italia nako, mwezi wa Machi 1981, polisi walipekua ofisi na nyumba ya Licio Gelli, kiongozi wa loji iliyoitwa Propaganda Due, wakakuta orodha ya majina 962 ya loji hiyo: mawaziri, majenerali, wakuu wa usalama, waandishi. Serikali ilianguka. Loji ile ilikuwa imeshasimamishwa na wakuu wa Freemason wa Italia miaka mitano nyuma, lakini ikaendelea kufanya kazi gizani. Mtu akikwambia kwamba mlango uliofungwa unaweza kuficha uovu, mkubalie. Hili lilitokea na lina kumbukumbu zake.

Upande wa pili yapo yaliyotungwa kwa ajili ya kuuza. Mfaransa Léo Taxil kwa miaka kumi na mbili alichapisha vitabu vya kueleza kwamba Freemason wanamwabudu shetani. Alimbuni mwanamke aliyeitwa Diana Vaughan, na katika maandishi hayo akatokea shetani mwenye umbo la mamba akipiga piano. Watu wazima, wenye elimu, walisadiki. Tarehe 19 Aprili 1897 Taxil aliwakusanya waandishi Paris akawaambia waziwazi kwamba yote aliyatunga. Sehemu kubwa ya habari za shetani zinazozunguka kwenye simu zetu leo ni makombo ya Taxil yaliyovishwa nguo mpya. Na Illuminati, wanaochanganywa nao kila siku, kilikuwa chama kingine, kilichoundwa Bavaria na Adam Weishaupt tarehe 1 Mei 1776 na kupigwa marufuku na serikali ya huko kabla ya muongo kwisha.

Jicho la kwenye dola huulizwa sana kibandani kwangu. Alilipendekeza msanii Pierre Du Simitière mwaka 1776 kwa ajili ya muhuri wa taifa la Marekani, naye hakuwa Freemason. Muhuri ukapitishwa 1782, na ukaingia kwenye noti ya dola moja mwaka 1935. Freemason wa Marekani walianza kulieneza jicho katika vitabu vyao mwaka 1797, baada ya muhuri kupitishwa. Alama yao ya kweli inayowatambulisha ni skwea na bikari zilizopandana.

Kijana mwengine alinionyesha picha ya mlango wa Mji Mkongwe, upande wa Kiponda, akasema maua yale na minyororo ile ni alama zao. Nilimwambia aende akauguse huo mlango, asome juu ya kizingiti. Mara nyingi utakuta aya ya Qurani na mwaka wa Hijria. Minyororo, samaki, maua na makuti ya mtende ni nakshi za mafundi wetu na za waliotoka Oman na Uhindini, na misumari ya shaba ilikuja na mtindo wa Kihindi. Inaniuma kuona kijana wa Unguja anaikimbia kazi ya mikono ya babu zake kwa sababu ya video ya dakika mbili.

Suala la dini

Hili usilikwepe, kwa sababu kijana atakuuliza na anastahili jibu la wazi. Mwaka 1978 baraza la fiqhi lililokutana Makka lilitoa uamuzi mkali dhidi ya Freemason, na masheikh wengi wameufuata. Kanisa Katoliki lilikataza tangu 1738, wakati wa Papa Clement XII, likasisitiza tena 1983 na 2023. Historia pia ina kumbukumbu kwamba Jamal al-Din al-Afghani, mwanachuoni anayeheshimika, aliingia loji akiwa Misri na mwaka 1878 akachaguliwa kuongoza loji ya Kawkab al-Sharq mjini Cairo, kabla ya uamuzi wa Makka kwa miaka mia. Nawaeleza yote mawili. Mimi ni Muislamu na nafuata walichosema wanavyuoni wetu. Mwanangu asingeingia kwa ridhaa yangu. Lakini aya ya 6 ya Suratul Hujuraat inatuamrisha tuichunguze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na amri hiyo haikumtoa Freemason wala jirani anayesingiziwa u-Freemason kwa sababu amejenga ghorofa.

Anayetishwa

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nikae niandike. Kijana akiacha kulipa, tapeli hubadilika. Humwambia ameshaandikwa kwa damu, kwamba asipomaliza ada atakufa yeye au mama yake. Kijana mmoja wa Wete, niliyemsomesha, alinipigia simu usiku wa manane akilia. Alikuwa ametumiwa picha ya jeneza lenye jina lake, na alikuwa ameshauza simu ya dada yake na bangili ya mama yake.

Ukipigiwa simu kama ile, usianze na lawama. Mwambie akae na mtu chumbani, asilale peke yake. Mweleze kwamba hajaingia popote: hakuna loji, hakuna kura, hakuna kiapo, kwa hiyo hakuna cha kumfunga. Hata mwanachama halisi hujitoa kwa barua ya kujiuzulu. Msomee Ayatul Kursiy naye kama ndivyo moyo wake utakavyotulia, kisha mfungie njia huyo mtu kwenye simu, baada ya kuhifadhi ujumbe wake wote. Mama aambiwe asubuhi hiyo hiyo, na aambiwe mbele ya mtu mzima mwengine, kwa sababu aibu ndiyo inayowafanya vijana waendelee kulipa.

Pesa ikishatoka

Harakisha. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, uwape namba ya muamala na uombe pesa izuiwe. Kama mpokeaji hajaitoa, inawezekana kuipata. Akishaitoa, ni vigumu sana. Utume ujumbe wa tapeli kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano ya kuripoti utapeli, halafu utume namba iliyouleta. Usiufute ujumbe wowote, hata ule wa matusi.

Kisha nenda kituo cha polisi, Unguja au Pemba, ukiwa na simu yenyewe na karatasi yenye tarehe, saa, kiasi na namba za miamala kwa mpangilio. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kazi Zanzibar kama ilivyo bara, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba jambo hili ni la huko. Omba namba ya jalada, uiandike. Kama ulimpa tapeli namba yako ya kitambulisho au picha yake, na wengi huiomba "kwa ajili ya fomu," piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako, na usiyoijua nenda nayo dukani kwa mtandao husika wakaifunge siku hiyo hiyo.